Mabwawa Niliyoyaandika Ardhi Tupu

Hakuna aliyenifundisha kuutetea mji unaotaka kutanuka kama yule mwalimu, na hakuna aliyenifanya nione aibu kuutetea kama yeye. Namwita mwalimu kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita pale Guangzhou, Wachina kwa lugha yao na mimi kwa yangu. Jina lake nalijua, lakini halijawahi kunikaa mdomoni. Nikiliandika hapa nitaona kama namzungumzia mtu mwingine.

Nilipelekwa kusoma na idara ya ardhi ya nyumbani, miaka ile ya elfu mbili, mji ule ulipokuwa ukikua mpaka wenyeji wenyewe wanapotea njia. Siku tatu kwa wiki alitufundisha mipangomiji. Siku zilizobaki aliwaandikia wakubwa wa mji hoja za kusogeza mpaka, yaani ule mstari mwekundu kwenye ramani ambao ndani yake unaruhusiwa kujenga na nje yake ni mashamba. Kila baada ya miaka kadhaa mji hulalamika kwamba mstari unaubana. Hapo lazima mtu akae chini, apige hesabu ya ardhi itakayohitajika miaka ishirini mbele, kisha aandike ni kwa nini mstari usogee na usogee upande gani. Mtu huyo alikuwa yeye, na mwaka mmoja, wakati wa baridi, mimi nilikuwa msaidizi wake.

Wakati huo nilifanya kosa. Mabwawa ya samaki ya kijiji kizima niliyaandika kuwa ardhi tupu. Nitalieleza likifika mahali pake. Nimelitanguliza ili msomaji asidhani nimekuja kumsifu mzee wa watu na kwenda zangu.

Alikuwa mtu wa kutembea. Alivaa viatu vyeusi vya kitambaa, vya bei ndogo kabisa, na mkononi alibeba fimbo ya mwanzi aliyoichonga alama za nusu mita. Begani chupa ya maji ya moto, kiangazi na masika. Wenzake walipima mpaka kwa picha za setilaiti wakiwa wamekaa kwenye viti vinavyozunguka. Yeye alipanda basi hadi mwisho wa njia, akashuka, akaanza kukanyaga. Nikimuuliza kwa nini tujichoshe na ramani ipo, jibu lake lilikuwa lile lile. "Ramani nimeambiwa tu, ndugu. Nikikanyaga ndiyo nimejua."

Ndiyo, alisema Kiswahili. Ujana wake aliumaliza kwenye reli ya kwenda Zambia, akiwa mpimaji mdogo, analala kwenye mahema na kuumwa malaria pamoja na watu wa kwetu. Siku yangu ya kwanza darasani, nikiwa sijasikia neno la Kiswahili kwa wiki tatu, alikuja mpaka kwenye dawati langu akauliza, "Ndugu, habari za safari?" Nilishtuka hata nikamwamkia shikamoo kabla sijajibu. Akasema marahaba, taratibu, kama mtu aliyekuwa akilitunza neno hilo kabatini. Nilitoka nje nikalia ukumbini, na sioni sababu ya kuficha.

Kiswahili chake kilikuwa cha miaka ile. Kila mtu kwake alikuwa ndugu, hata mbwa wa mlinzi. Hakuwa na neno la kompyuta wala la simu ya mkononi, ila alikuwa na maneno yote ya tope, nyundo, uji na mvua. Alikuwa pia na neno moja la kumsifu mtu aliyefanya kazi vizuri, ambalo naamini vijana wa kambini walimfundisha kwa makusudi, kwa sababu halisemeki mbele ya watu wazima. Alinisifu kwalo mara mbili. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Mahindi ya kuchoma aliyapenda kupita kiasi. Aliyachoma ofisini juu ya jiko la gesi, moshi ukijaa hadi ngazini, na wenzake wakipiga kelele alifungua dirisha moja, nusu. Kisha aliuvunja muhindi vipande viwili, akanipa kikubwa. Tulikula tukitazama ramani ya mji iliyojaa ukuta mzima. Ile ramani ilibadilishwa mara tatu katika miaka niliyokaa, na kila mara ukuta ulizidi kuwa mdogo.

Kwenye kazi alikuwa na sheria moja aliyotukaririsha hadi ikatuchosha: hesabu ndani kwanza. Kabla mji haujaomba shamba la mtu nje ya mstari, uonyeshe umetumia nini ndani. Unakadiria watu watakaokuwepo, unazidisha kwa eneo la kila mmoja, unaongeza barabara, shule, viwanda na akiba kidogo, kisha unatoa kila kiwanja kitupu kilichopo tayari. Kinachobaki, kama kipo, ndicho cha kuomba. Siku moja alitupeleka katikati ya mji, kwenye kiwanja kilichozungushiwa bati na kuachwa miaka mingi. Akatupanga mstari, tushikane mikono kutoka ukuta hadi ukuta. Tulikuwa darasa zima na hatukufika nusu. Mlinzi alikuja mbio akitufokea. Mwalimu hakumjali. "Hiki kiko kwenye hesabu ya nani?" alituuliza. "Cha mtu fulani, kwa hiyo hakihesabiwi. Halafu wanamwendea mkulima."

Ungemsikia siku hiyo ungedhani ni adui wa ujenzi. Siyo. Mji ule aliupenda, na majengo yake makubwa aliyaonea fahari waziwazi.

Wakati wa maonyesho ya biashara pale Pazhou sisi wanafunzi tulijipatia riziki kwa kuwatafsiria wanunuzi. Mwaka mmoja nilikuwa na mama mmoja wa Lubumbashi, mnunuzi wa vitenge na mikoba, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Tulipotoka kwenye treni ya chini ya ardhi nikamkuta mwalimu amesimama nje ya kumbi, peke yake, fimbo mkononi, anatazama mapaa. Nikamwamkia. Yule mama alikuwa na mazoea ya kumwita kila Mchina laoban, yaani bosi, akaanza kumsalimia kwa Kichina, "Laoban, ni hao." Mwalimu akamwambia kwa Kiswahili, "Karibu, mama. Umechoka?"

Mama akanigeukia, akaniita dada kwa Kifaransa chake. "Ma sœur, huyu muzee anasema Kiswahili kunipita. Nani alimufundisha?"

"Reli," mwalimu akasema. Akamwonyesha kwa fimbo. "Hapa palikuwa mashamba, mama. Ndizi, mboga. Mimi nilipita na fimbo hii hii. Niliandika kwamba mji unapahitaji, na kweli, unaona? Dunia nzima imekuja."

"C'est bien, papa, ni muzuri. Na batu ba hapa, bale ba ndizi, balienda wapi?"

Mwalimu alimimina maji ya moto kwenye kifuniko cha chupa yake, akayapuliza, akanywa. "Walipewa nyumba," akasema. "Nyumba nzuri."

"Mais nimeuliza balienda wapi," mama akasema, si kwa ugomvi. Mwalimu akarudi kutazama mapaa. Tulipoingia ndani aliniambia huyo mzee ana huzuni, nimwombee. Mimi nikamwambia ni uchovu. Nilikuwa mwepesi wa kumtetea siku zile.

Jambo jingine sharti nilitaje, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Aliogopa upendeleo kuliko wengine wanavyoogopa polisi. Mwanafunzi akimletea machungwa ya mwaka mpya, yanakwenda kwa mfagiaji yakiwa bado na utepe mwekundu. Kijana wa ukoo wake aliomba kazi pale ofisini, na sifa alikuwa nazo. Mwalimu mwenyewe alilikata jina la kijana huyo, kwa wino, mbele ya wenzake, ili waone. Nilimuuliza kama yule kijana alistahili. "Alistahili," akasema. Basi. Siku nyingine, bila kuulizwa, aliniambia kwamba alipokuwa mdogo baba yake aliandikwa jina kwenye ubao wa kijiji kwa kosa la kuwapendelea jamaa zake, na baada ya hapo hakuna aliyewabishia hodi. Hakusema kijiji gani. Asili yake hakuizungumza, nami nilidhani ni tabia tu ya watu wa umri wake.

Sasa nije kwenye mabwawa.

Mwaka ule mji ulitaka kutanuka kuelekea kaskazini, na pande mbili zilikuwa zinashindana. Upande mmoja ulikuwa na vilima vya mawe na viwanda vilivyokufa, ghali kujenga. Wa pili ulikuwa tambarare, vijiji na mashamba. Sheria iliyalinda mashamba, na mabwawa ya samaki yalihesabiwa pamoja na mashamba. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea fomu zetu: upande utakaoonekana una ardhi tupu nyingi na kilimo kidogo ndio utakaomezwa. Tulivigawana vijiji vya tambarare, na kila kimoja mwalimu naye alikuja kukanyaga. Isipokuwa kimoja. Asubuhi ya kile kijiji aliniambia goti linamuuma, niende peke yangu.

Nilikwenda. Ilikuwa wiki chache kabla ya mwaka mpya wao, baridi kavu, jua limefifia. Nikakuta mashimo makubwa ya mraba, moja baada ya jingine, hayana tone la maji. Tope limekauka na kupasuka. Juu yake pamenyunyizwa chokaa nyeupe. Mimi ni mtu wa idara ya ardhi, na kwetu ukiona chokaa juu ya udongo uliochimbwa unajua viwanja vimeshapimwa, msingi unakuja. Nikajiambia hapa wamewahi, wameshafyeka na kuchimba, wanasubiri saruji tu.

Kulikuwa na mama wa makamo kwenye tuta, kofia pana ya majani, kovu jeupe limepita juu ya nyusi. Alinisemesha kwa Kikantoni, maneno mengi, akionyesha tope, akionyesha chokaa, akihesabu vidole. Mimi nilijua Kichina cha darasani tu. Nilidhani anaulizia nilikotoka, maana ndivyo walivyouliza wote. Nikamwambia Afrika. Akacheka, akanikatia kipande cha muwa. Nilikaa kwenye tuta lake, nikitafuna muwa wake, nikajaza fomu. Kwenye safu ya kila shimo niliandika: ardhi tupu.

Mwalimu aliipokea fomu ile jioni. Alikaa nayo muda mrefu kuliko zile nyingine. Nilimwona akiivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Nikauliza kama pana tatizo. Akasema mwandiko wangu ni mzuri.

Ulipofika mwezi wa nne, nilimsindikiza yule yule mama wa Lubumbashi kwenda Shiling kununua mikoba, kwa gari la kukodi. Barabara ilipita kando ya kijiji kile. Maji. Mabwawa yalijaa maji hadi ukingoni, bata juu yake, majani ya tembo yamekatwa na kutupwa ndani, na samaki wanayagombea hadi uso wa maji unachemka. Nikamwambia dereva asimame. Nilimuuliza kwa Kichina yale mashimo yamekuwaje. Akanishangaa. Akasema kila mwaka kabla ya sikukuu watu hukausha mabwawa, huvua samaki wote, huchota tope kwenda kulishia mashamba, humwaga chokaa kuua wadudu, kisha huacha jua lifanye kazi yake. Baada ya sikukuu maji hurudi. Hata mtoto analijua hilo, akasema.

Mikoba ya siku ile siikumbuki. Nakumbuka nimesimama mbele ya meza ya mwalimu kesho yake, nikimweleza, maneno yakigongana. Nilitaka nifokewe. Alinisikiliza hadi mwisho, ametazama dirisha lile alilokuwa akifungua nusu.

"Ripoti imeshakwenda, ndugu," akasema.

"Si tunaweza kuandika barua ya kusahihisha? Niandike mimi, kosa ni langu."

"Imeshakwenda." Akachukua muhindi, akauweka kwenye jiko. Hakuuvunja. Ulipoiva alinipa mzima, yeye hakula.

Mstari ulisogea upande wa tambarare. Nilimaliza masomo, nikapigiwa makofi, nikarudi nyumbani. Nilijiambia kwa miaka kwamba mwalimu hakujua mpaka nilipomwambia, na kwamba wakati huo mambo yalikuwa yamekwisha. Mtu mzima anaweza kuishi na maneno kama hayo, akiyarudia vya kutosha.

Miaka minne baadaye idara ilinirudisha Guangzhou kwa mafunzo mafupi. Mji wetu nao ulianza kulalamika kwamba mstari unaubana, na mimi ndiye niliyepewa kuandika kwa nini. Nikamtafuta mwalimu. Alikuwa amestaafu. Kwenye simu alinipa namba ya basi, na nilipokuwa nahesabu vituo nilitambua barabara ya kwenda Shiling.

Alinisubiri kituoni. Fimbo sasa ilikuwa ya kuegemea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na sauti yake ilikuwa imepungua sana. Mbele yetu palikuwa na maghorofa ya rangi moja, safu kwa safu. Sikuhitaji kuambiwa. Tulipanda lifti hadi ghorofa ya kumi na saba, na kabla hajafungua mlango alisema, "Naishi kwa dada yangu. Mume wake amekufa, watoto wako Shenzhen. Anapika vizuri."

Mama aliyetoka jikoni alikuwa amekonda, na kofia hakuwa nayo, lakini kovu la juu ya nyusi lilikuwa pale pale. Alinitazama, akapiga makofi kidogo, akaanza kusema kwa Kikantoni, mengi, akicheka.

"Anakukumbuka," mwalimu akasema. "Mwafrika alikuwa mmoja tu. Anasema ulikuja siku za tope, akakueleza yote. Akakuambia maji yatarudi siku ya ngapi, na samaki wa namna gani. Anasema ulimsikiliza vizuri sana na ukaandika."

Nilikaa. Yule mama akarudi jikoni. Nikauliza kwa sauti ya chini, ingawa hakuna haja, hakijui Kiswahili.

"Hiki ndicho kijiji chenu?"

"Ndicho."

"Kwa hiyo fomu yangu ulipoisoma, ulijua."

"Nimezaliwa juu ya tuta, ndugu. Nilijua kabla sijafika mstari wa pili."

"Na goti?"

"Goti lilikuwa zima. Nisingeweza kuja kupima bwawa la dada yangu. Wangesema nini? Ulipoleta fomu, ningeisahihisha, ni mabwawa ya nani? Ya dada yangu. Mabwawa ya watu wengine ningeyasahihisha usiku ule ule. Haya nilishindwa. Nikasema, ameandika mgeni, hana ndugu hapa, basi ni haki."

Nilimpenda mtu yule na nilimkasirikia. Majirani wote wa kile kijiji, watu ambao hawakuwa ndugu zake hata kidogo, walipoteza mabwawa yao ili yeye asionekane anamlinda mmoja. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaona vidole vyake juu ya fimbo, vimeshika alama ya nusu mita, nikaacha.

"Yeye anajua?" nikauliza.

"Anajua mji ulihitaji ardhi."

Dada yake akaleta samaki mzima wa mvuke, tangawizi na vitunguu vya majani juu yake, akamweka katikati. Alinionyesha kwa ishara kwamba ni wa dukani, wa barafu, akakunja uso kumdharau, kisha akanikaribisha. Kupitia dirisha niliona uwanja wa saruji chini, na kidimbwi cha mapambo cha ukubwa wa chumba, maji ya bluu, hakina kitu.

Niliweka vijiti chini. "Mwalimu, nitafsirie. Mwambie ni mimi niliyeandika. Mwambie alinieleza na sikuelewa, nikaandika ardhi tupu nikiwa nakula muwa wake. Mwambie naomba radhi. Lako utasema mwenyewe ukitaka, langu naomba uliseme sasa."

Akamgeukia dada yake, akasema kwa Kikantoni, sentensi moja, fupi. Yule mama akafurahi usoni kote. Akanishika mkono, akaupapasa, akachagua kipande cha nyama ya shavuni pa samaki, kile wanachompa mgeni wa heshima, akakiweka kwenye bakuli langu.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia unasema samaki ni mtamu."

Dada yake alikuwa ananingoja, ameinamisha kichwa, anatabasamu. Nikachukua vijiti, nikala.